Vifaa Janja na Usalama wa Mtoto: Anza na Gesi na Geti, Kamera Ifuate

Kabla hujatoa hela dukani, piga magoti uizunguke nyumba yako, macho yakiwa kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, utakachokiona ni mtungi wa gesi, jiko la mkaa, ndoo ya maji bafuni, simtanki lililo chini na geti ambalo komeo lake halishiki. Mwizi yuko mbali sana kwenye orodha hiyo. Hata hivyo kifaa cha kwanza ambacho wazazi wengi hununua ni kamera, na kamera mara nyingi hukuonyesha kilichokwisha kutokea. Tunashauri hela ya kwanza iende kwenye kengele janja, inayolia nyumbani na kukutumia ujumbe kwenye simu kupitia intaneti.

Ndoo haina kifaa cha kuilinda. Imwage au ifunike kwa mfuniko unaobana.

Gesi na mkaa

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutuama sakafuni, palepale mtoto anapotambaa. Kwa hiyo kihisi cha gesi kifungwe chini: sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni, mita moja hadi tatu kutoka kwenye mtungi, mbali na dirisha na pasipofikiwa na mvuke wa sufuria. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kukifunga juu ya jiko. Linatokana na maelekezo yanayokuja ndani ya boksi, ambayo mara nyingi yameandikwa kwa ajili ya gesi asilia, na hiyo ni nyepesi, hupanda juu. Kama nyumba yako imeunganishwa na bomba la gesi asilia, kama ilivyo kwa baadhi ya nyumba za Mikocheni na Mtwara, basi fuata hayo maelekezo ya kufunga juu. Kama unatumia mtungi, boksi liwe na herufi LPG, yaani gesi ya mitungi, na kihisi kikae chini.

Kijaribu siku hiyohiyo. Kiache kwenye soketi kipate moto kwa muda uliotajwa kwenye maelekezo, kisha kisogezee kiberiti cha gesi, bonyeza kitufe bila kuwasha moto, kwa sekunde mbili au tatu. Kengele ilie na ujumbe uingie kwenye simu.

Programu nyingi za simu zinazoendesha vifaa hivi hukuruhusu kupanga kwamba gesi ikivuja, feni ijiwashe yenyewe. Usipange hivyo. Swichi ya umeme inapojiwasha hutoa cheche, na cheche ndicho kitu pekee ambacho gesi iliyojaa chumbani inakisubiri. Kengele ikilia: watoto nje, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na asiguse mtu swichi wala soketi yoyote.

Kihisi cha gesi hakitambui hewa ya sumu ya mkaa, yaani monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haimwamshi. Kengele yake ni kifaa kingine kabisa. Ifunge chumba cha kulala, kwenye kimo cha mto hadi mita moja na nusu, na uangalie nyuma yake tarehe ya kwisha muda, maana kihisi chake huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa yake bado inawaka. Kuwa nayo si ruhusa ya kulala na jiko la mkaa ndani.

Geti na mlango

Kufuli kwanza, kihisi baadaye. Kihisi cha mlango kina vipande viwili, chenye betri na chenye sumaku. Vinapoachana, ujumbe unakuja. Mlango ukifungwa, nafasi kati yao isizidi sentimita moja hivi. Kwenye mlango wa mbao ni kazi ya dakika tano. Kwenye geti la chuma ndiko watu wanakokwama, kwa sababu chuma huvuta nguvu ya sumaku na pia huzuia mawimbi yanayokwenda kwenye ruta. Weka kipande cha mbao au plastiki chenye unene wa sentimita moja chini ya kila kipande kabla ya kukibandika, na ukaze kwa skrubu, kwani gundi huachia kwa jua na unyevu wa pwani. Cha nje kiwe na alama ya IP65, yaani hakiingizi vumbi wala maji ya kurushwa. Panga ujumbe utumwe geti likikaa wazi zaidi ya sekunde 30. Ukipanga utumwe kila linapofunguliwa, kufikia Ijumaa utakuwa umeuzima.

Vihisi hivi vingi hutumia betri bapa kama sarafu, na betri hiyo ni hatari kuliko mlango wenyewe. Ile ya upana wa milimita 20 ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuchoma njia ya chakula ndani ya saa mbili, hata kama imeshaisha nguvu. Chagua kifaa ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na betri zilizoisha zizungushiwe utepe wa gundi na zitolewe ndani siku hiyohiyo. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali mara moja na uwaambie ni betri. Usimtapishe, usimpe chakula. Kama amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali hupunguza uchomaji, haichukui nafasi ya daktari. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kuitafuta.

Umeme ukikatika

Ruta ikizimika, ujumbe wote umezimika. Suluhisho ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayoiendesha umeme ukikatika. Soma adapta ya ruta yako: nyingi ni volti 12, nyingine ni 9 au 5. Ukiunganisha volti 12 kwenye ruta ya 5 umeiunguza. UPS iliyoandikwa mAh 8,800 ina takriban wati-saa 32, maana betri zake ndani ni za volti 3.7. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu hivi, zaidi ya hapo usitegemee. Kengele za gesi na mkaa ziwe na sauti zake zenyewe, zisizotegemea intaneti.

Kamera

Kamera nyingi za nyumbani hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu. Ikikataa kuunganishwa, huenda simu yako iko kwenye 5 GHz. Badilisha neno la siri lililokuja na kamera kabla haijafungwa ukutani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu yale maneno ya siri ya kiwandani. Weka herufi zisizopungua 12, washa uthibitisho wa hatua mbili, ruhusu masasisho ya moja kwa moja, na uiunganishe kwenye mtandao wa wageni wa ruta, mbali na kompyuta na simu za nyumbani.

Kuhusu bando: picha hai ya megabiti 2 kwa sekunde hula takriban MB 900 kwa saa. Ishushe hadi nusu megabiti utumie kama MB 225. Kadi ya kumbukumbu ya GB 64 ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 hujaa chini ya siku tatu, basi chagua kurekodi pale tu kitu kinapotembea.

Ielekeze sebuleni, mlangoni, uani. Isiingie bafuni wala chumba cha kulala cha mtu yeyote, hata cha dada wa kazi. Na mwambie dada kamera iko wapi na inaona nini. Ni haki yake, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019. Tena yeye ndiye aliye karibu na mtoto kengele inapolia. Usimfanye mshtakiwa.

Saa ya mtoto na simu

Saa yenye laini ya simu iwe ya 4G, laini isajiliwe kwa jina lako, na simu ziingie kutoka namba ulizoziruhusu tu. Zima uwezo wa kusikiliza kimyakimya. Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo huo mwaka 2017. Nje, GPS hukosea mita chache, lakini ndani ya jengo saa hukisia kwa minara ya simu na inaweza kukosea mamia ya mita. Duara la shule, yaani eneo unalochora kwenye ramani ili ujulishwe mtoto akitoka, liwe na nusu kipenyo cha mita 200 au zaidi, la sivyo utaambiwa mtoto ametoka ilhali yuko darasani.

Kwenye simu au tableti ya Android, fungua mipangilio ya DNS ya faragha (Private DNS), yaani huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti, uandike family.cloudflare-dns.com. Tovuti nyingi za ngono zitazuiwa, iwe kwa Wi-Fi au bando. Halafu zuia usakinishaji wa programu bila idhini yako kupitia Family Link, programu ya Google ya wazazi, kwa sababu mtoto akiweka VPN, yaani programu inayopitisha intaneti njia nyingine, kichujio hicho hakina kazi.

Nani anaitika?

Kila ujumbe uende kwa watu wawili, na mmoja awe mtu anayeweza kufika nyumbani ndani ya dakika tano: dada, bibi, jirani mnayeaminiana. Namba ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, ni 116, ibandike ukutani. Kisha shughulikia simu yenyewe. Simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza betri, na hapo ujumbe hauji hadi uifungue programu kwa mkono. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya kengele, uiondolee vizuizi. Acha simu imezima kioo kwa saa nzima, mwambie mtu afungue geti, na uhesabu sekunde hadi ilie. Zikizidi 20, rudi kwenye mipangilio.