Namba ya kadi ikishavuja: jinsi ya kuifanya isimfae mwizi

Kazi yangu ni kushughulikia malalamiko ya miamala ya kadi. Wengi wanaokuja huanza kwa kuapa kwamba kadi haijawahi kutoka mfukoni mwao, na mara nyingi wanasema kweli. Mwizi wa mtandaoni hana haja na plastiki. Anataka namba, tarehe ya mwisho wa matumizi na zile tarakimu za siri, ambazo kwa kadi nyingi ni tatu na ziko nyuma. Taarifa hizo huvuja hata pale mwenye kadi alipokuwa mwangalifu. Mwaka 2013 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya Target, kampuni ya maduka ya Marekani, wakachota taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Wenye kadi walikuwa wamenunua bidhaa tu, basi.

Ndiyo maana sianzi na ushauri wa kuficha kadi. Chukulia kwamba namba yako imeshavuja, kisha ujiulize mwizi ataweza kuifanyia nini.

Hatua ya 1: Washa arifa za kila muamala

Fungua programu ya benki, ingia sehemu ya kadi, tafuta mipangilio ya arifa. Mara nyingi utakuta kimewekwa kiwango cha chini, ili miamala midogo isikusumbue. Kishushe hadi sifuri.

Miamala hiyo midogo ndiyo ya kuangalia kwa makini. Tapeli aliyenunua orodha ya namba za wizi hajui zipi bado zinafanya kazi, hivyo huzijaribu kwa kutoza kiasi kidogo sana. Ikikubali, ndipo anarudi na manunuzi makubwa au anaiuza kwa mwingine. Ukiona tozo ndogo usiyoitambua, usiipuuze. Funga kadi hapohapo. Kama umetoka kusajili kadi kwenye huduma fulani, inawezekana huduma hiyo inaihakiki tu. Linganisha jina na saa kabla ya kuamua.

Hatua ya 2: Zima usichotumia

Programu nyingi za benki zina swichi za malipo ya mtandaoni, malipo ya nje ya nchi, kutoa fedha ATM, na pengine mstari wa sumaku, ule mstari mweusi ulio nyuma ya kadi. Zima zote usizozihitaji leo. Kuwasha tena ni suala la sekunde. Anza na mstari wa sumaku ukiweza. Mstari huo hutoa taarifa zilezile kila unapopitishwa, kwa hiyo aliyezinakili anaweza kutengeneza kadi ya bandia. Chipu, kile kipande cha chuma kilicho mbele ya kadi, hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, na msimbo wa jana haufai leo. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2033 kadi zake hazitakuwa tena na mstari huo.

Weka pia kikomo cha matumizi kinacholingana na maisha yako. Kile ulichopewa na benki mara nyingi ni kikubwa kuliko unachohitaji kwa siku.

Hatua ya 3: Punguza mahali ilipo namba halisi

Ukilipa kwa Apple Pay au Google Pay dukani, mashine hupokea namba mbadala pamoja na msimbo wa muamala huo mmoja. Namba yako halisi haifiki hapo. Kwa manunuzi ya mtandaoni, tumia kadi pepe, yaani kadi isiyo na plastiki yenye namba yake tofauti, kama benki yako inazitoa, ikiwezekana moja kwa kila huduma unayolipia kila mwezi. Kama haizitoi, tenga kadi moja yenye kikomo kidogo kwa kazi hiyo. Kisha pita kwenye akaunti za maduka ya zamani ufute kadi ulizoziacha humo.

Jambo moja wengi hawalijui: kanuni za usalama za kampuni za kadi zinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi tarakimu za siri baada ya malipo kuidhinishwa. Anayekuomba picha ya kadi, mbele na nyuma, mkatalie.

Hatua ya 4: Linda namba ya uthibitisho

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Hatua zote za juu zinaweza kubomolewa na simu moja ya mtu mpole anayejitambulisha kuwa ni ofisa wa benki, anayelijua jina lako na tarakimu nne za mwisho za kadi. Atasema anazuia wizi, kisha atakuomba namba iliyotumwa kwenye simu yako. Namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa, hivyo isikutulize. Kata simu, halafu piga mwenyewe ile iliyochapishwa nyuma ya kadi.

Soma ujumbe mzima kabla ya kuandika namba popote. Nimeona watu wakitaja namba wakidhani wanafuta muamala, kumbe ujumbe ulisema wazi kwamba kadi inasajiliwa kwenye simu mpya. Simu hiyo ikishasajiliwa, tapeli analipa nayo madukani kama kadi ni yake.

Benki ikikupa nafasi ya kuidhinisha malipo ndani ya programu yake, ichague badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa hila hadi kwenye simu ya tapeli, naye akapokea ujumbe wako. Laini ikikata mtandao ghafla bila sababu, wasiliana na kampuni ya simu na benki mara moja.

Hatua ya 5: Kwenye mashine

Funika kwa mkono unapobonyeza namba ya siri (PIN), na usiache kadi ipelekwe usikoiona.

Hatua ya 6: Wizi ukitokea

Funga kadi kwenye programu kwanza, ndipo upige simu. Taja kila muamala usioutambua, hata ule mdogo wa majaribio, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usisubiri taarifa ya mwisho wa mwezi, kwa sababu haki ya kupinga muamala ina muda wake.

Kadi mpya ikija, kazi bado haijaisha. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wafanyabiashara namba mpya ili malipo ya kila mwezi yasikatike, na malipo aliyoanzisha mwizi yanaweza kufuata njia hiyohiyo. Iambie benki imzuie mfanyabiashara huyo kwa jina. Omba pia orodha ya simu zote zilizosajiliwa kwenye kadi yako, na usiyoitambua iondolewe kabla hujaanza kutumia kadi mpya.