Unataka kupanda Kili Desemba 9? Anza kujiandaa sa hivi

Kila mwaka kuelekea sikukuu ya Uhuru tunapokea Watanzania wengi wanaotaka kupanda Mlima, na nafurahi sana kwa kweli, ila wengi wanafika geti la Marangu mwili na miguu havijaandaliwa kabisa. Mi nilianza kama mgumu, nabeba mizigo, sa hivi ni gaidi, yani guide, muongozaji wa wapanda mlima, so nawaambia nilichokiona.

Hatua ya 1: ongeza siku. Njia ya Marangu unaweza kwenda siku 5 au 6, chukua 6 hata kama hela inabana, bora upunguze kwenye jaketi ukaazime. Angalia vituo vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yani kila siku unaruka mita 1,000 na mwili haujazoea hewa nyepesi. Ile siku ya ziada unalala Horombo mara mbili, mchana unapanda mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks unarudi kulala chini, na hapo ndo damu inapata muda wa kuzoea.

Hatua ya 2: miezi miwili kabla anza ngazi. Uko Dar? Tafuta ghorofa, panda shuka na begi la kilo 6 mgongoni, mara 3 au 4 kwa wiki. Walio Arusha waende Mlima Meru kwanza.

Hatua ya 3, na hii naomba mnisikilize jamani: buti. Usinunue wiki ya safari. Zivae sokoni, kazini, kanisani, mpaka zikuzoee, alafu ziwe kubwa kidogo ili vidole visigonge mbele wakati wa kushuka. Kuna dada nilishuka naye, buti mpya kabisa, alipovua soksi Horombo kucha mbili za vidole gumba zilikuwa nyeusi na zinacheza, akalia, na bado kuna kama kilomita 20 mpaka getini. Kucha zikate fupi siku mbili kabla.

Hatua ya 4: usiku wa kilele. Mnaondoka Kibo kama saa 6 usiku, baridi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Jinzi na tisheti za pamba acha, zikilowa jasho hazikauki. Nenda soko la Memorial pale Moshi, fleece na suruali za mlimani za mtumba zipo za kutosha. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo hauzibi. Simu weka kifuani ndani ya nguo, chaji isiishe kwa baridi.

Hatua ya 5: kichwa kikiuma sema. Usimfiche gaidi wako, hata kama umebakiza kidogo kufika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele. Ukianza kuyumba kama mlevi au kukohoa mapovu tunashuka hapo hapo, usiku huo huo. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla hujatoka nyumbani, usimeze ya kupewa na mwenzio njiani.