Kufunga Rejeta Mpya na Kava la Feni kwenye Land Cruiser FJ45

Pikapu ya Toyota Land Cruiser FJ45 inayochemsha kwenye foleni au inapopanda mlima na mzigo, lakini ikapoa mara inapopata mwendo kwenye tambarare, aghalabu ina upungufu wa upepo kuliko upungufu wa maji. Gari likiwa katika mwendo, upepo wa barabarani hupenya kwenye grili na kuipoza rejeta bila msaada mkubwa. Likienda polepole au likisimama, kazi yote huiangukia feni, na feni isiyo na kava huvuta hewa kutoka pembeni, ambako hakuna kizuizi, ikaacha sehemu kubwa ya uso wa rejeta bila kupitiwa na hewa ya maana. Kava, yaani lile bati au plastiki inayoziba nafasi iliyo kati ya rejeta na mzunguko wa feni, huilazimisha feni kuvuta hewa kupitia rejeta nzima mpaka kwenye pembe zake. Katika magari mengi ya umri huu kava lilitolewa zamani ili mkanda wa feni ubadilishwe kwa urahisi, na halikurudishwa tena. Ninamsihi kila anayebadilisha rejeta afunge na kava siku hiyohiyo, na avipime viwili hivyo pamoja na feni kama chombo kimoja.

Utengenezaji wa FJ45 ulikoma mwaka 1984, na zile zilizotoka kuanzia mwaka 1975 zina injini ya petroli ya 2F, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari na ujazo wa lita 4.2. Rejeta za kuzifaa ni za aina mbili: za shaba, ambazo matangi yake ya juu na ya chini yameunganishwa kwa lehemu kama zilivyokuwa za kiwandani, na za alumini. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini alumini ni nyepesi na huweza kutengenezwa kwa mirija mipana zaidi, hivyo tofauti ya upozaji si kubwa kama inavyodhaniwa. Kwa gari linalofanya kazi mbali na mji ningechagua shaba bila kusita, kwa sababu fundi yeyote wa kulehemu rejeta anaweza kuiziba ikitoboka, ilhali alumini huhitaji vifaa ambavyo gereji nyingi ndogo hazina. Tena alumini huliwa haraka na maji ya chumvi ya visima vya pwani endapo mwenye gari hatumii kulenti, yaani dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta.

Kabla ya kugusa spana, ilaze rejeta mpya juu ya kipande kikubwa cha boksi na uchore umbo lake, matundu ya bolti, pamoja na midomo ya mpira wa maji wa juu na wa chini. Rejeta ya zamani ikishatoka, iweke juu ya mchoro huo. Tofauti ya sentimita moja kwenye mdomo wa chini huweza kuukunja mpira au kuusogeza karibu na feni, na ni heri kuigundua ukiwa bado unaweza kuirudisha dukani.

Injini iwe imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto hata kidogo, kwa kuwa maji yaliyo chini ya mgandamizo hubadilika ghafla kuwa mvuke na kumuunguza mtu usoni. Ondoa waya hasi wa betri, fungua koki iliyo chini ya rejeta, kisha fungua kizibo cha ubavuni mwa bloku ya injini, maana ukiacha cha bloku utabaki na maji machafu mengi ndani ya injini. Kinga kulenti kwenye chombo chenye kifuniko: ina ladha tamu, ni sumu, na kuku, mbwa na watoto huvutiwa nayo. Baada ya hapo fungua klempu na mipira miwili. Kama kava la zamani bado lipo, lifungue kwenye rejeta ulisogeze nyuma juu ya feni, halafu ondoa bolti za pembeni na uinue rejeta wima. Raba za chini za kuikalia zisitupwe mpaka uwe na nyingine mkononi.

Nafasi iliyo wazi sasa ni ya thamani, na fundi mwangalifu huitumia. Tikisa feni kwa mkono mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya wota pampu, yaani pampu ya maji inayoibeba feni, imekwisha, na feni inayoyumba itakuja kulikata kava na hata kuigonga rejeta mpya. Chunguza raba zinazoibeba injini kwenye chasi. Raba zilizooza huiacha injini iinamie upande mmoja kila unapokanyaga mafuta, na mapanga ya feni huhama pamoja nayo wakati rejeta imebaki mahali pake kwenye chasi. Pitisha maji safi kwenye bloku mpaka yatoke bila rangi ya kutu, kwani kutu hiyo ikibaki itaingia kwenye mirija mipya katika safari za mwanzo. Funga themostati mpya, yaani valvu inayofunguka maji ya injini yakipata moto, na ile valvu yake ndogo ya kupitishia hewa iwe juu. Mazoea ya kuitoa themostati kabisa ili gari lisichemshe hayafai: injini hukaa baridi mno, hutumia petroli nyingi na huchakaa mapema, na chanzo cha kuchemsha hubaki palepale.

Sasa tunafika kwenye kazi inayoamua matokeo. Tanguliza kava juu ya feni likiwa huru, simamisha kipande cha boksi mbele ya mapanga ili yasichubue mapezi ya rejeta, kisha teremsha rejeta kwenye raba zake. Kaza bolti za rejeta kwa mkono tu, funga kava kwenye rejeta, halafu anza kupima. Ukitazama kutoka ubavuni, takriban nusu ya upana wa panga, na isizidi theluthi mbili, iwe ndani ya mdomo wa kava, na sehemu iliyobaki itokeze nyuma upande wa injini. Feni ikizama yote ndani, hewa iliyovutwa hukosa njia nzuri ya kutokea. Ikibaki yote nje, kava halina kazi. Kati ya ncha ya panga na ukingo wa kava iachwe nafasi ya milimita 20 hadi 25 kuzunguka pande zote. Nafasi ndogo zaidi huvuta vizuri gari likiwa limesimama, lakini pikapu hii ina chasi inayojipinda kwenye makorongo, na injini huruka kwenye raba zake, hivyo feni itagusa tu. Kati ya uso wa panga na rejeta pasipungue milimita 25.

Zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima na upime kila panga, si moja pekee. Vipimo vikitofautiana juu na chini, sogeza kava kwenye matundu yake au ongeza wosha chini ya raba za rejeta. Usikunje mapanga ili yaingie, kwani panga lililokunjwa hupasuka baadaye likiwa kwenye kasi. Ukiridhika, kaza bolti zote, kisha ziba kwa vipande vya raba nyufa zilizo kati ya rejeta na bodi, ambamo hewa ya moto hurudi mbele na kuvutwa upya.

Mipira ya maji iwe mipya, na kama wa chini una springi ndani yake, springi irudi, kwani hapo pampu inavuta na mpira laini hunywea. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati unyumbuke kama sentimita moja. Kifuniko nacho kiwe kipya, chenye alama ya 0.9, ambayo ni kipimo cha mgandamizo. Kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118 gari likiwa usawa wa bahari. Kifuniko kilicholegea humfanya mwenye gari la Nairobi ahangaike na maji yanayochemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko wa mji ule.

Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, fungua hita, na ujaze polepole mchanganyiko wa nusu kulenti na nusu maji yasiyo na chumvi. Washa injini kifuniko kikiwa wazi na uisubiri mpaka mpira wa juu upate moto, ishara kwamba themostati imefunguka, huku ukiongeza maji kadiri hewa inavyotoka. Kisha funga. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa kava, nenda umbali mfupi kwenye njia mbovu, zima injini na uitazame chaki hiyo. Chaki ikiwa imekwanguliwa mahali, pima tena hapohapo kabla ya kupeleka gari kwenye mlima mkali kama Kitonga wa barabara ya Iringa. Ikiwa haikuguswa, subiri injini ipoe, kaza klempu kwa mara ya pili na uongeze maji yaliyopungua.