Jinsi ya kuomba ruzuku ya kujenga uwezo kwa vyuo vya kilimo vya Weusi Marekani

Anza kwa kuhakikisha kuwa chuo kimo kwenye orodha ya wanaostahili. Vyuo vya kihistoria vya Weusi Marekani vinakaribia 100, lakini ruzuku hii ya NIFA, taasisi ya Wizara ya Kilimo, ni ya vyuo 19 tu: vile vya Sheria ya Morrill ya 1890 (sheria ya vyuo vya kilimo vya Weusi), vikiwemo Tuskegee, West Virginia State na Central State. Howard, pamoja na umaarufu wake wote, haimo. Chuo kingine chochote, hata SUA cha Morogoro, hakiwezi kuwa mwombaji mkuu. Kikiingia ni kama mshirika, tena tangazo la mwaka huo likiruhusu. Na usiichanganye na fedha za utafiti za Evans-Allen, ambazo vyuo hivyo hugawiwa kwa kanuni ya hesabu bila ushindani. Hii inashindaniwa.

Usajili ndio unaokwamisha wengi kabla hata hawajaandika neno. Chuo kiwe hai kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali kuu ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, kiwe na namba ya UEI (utambulisho wa taasisi inayotolewa humo), na usajili uhuishwe kila mwaka. Jina la kisheria likitofautiana na lile lililoko mamlaka ya kodi, mfumo unasimama, na kulirekebisha kunaweza kula wiki kadhaa. Kisha Grants.gov, tovuti ya kutuma maombi ya ruzuku za serikali kuu: mtafiti mkuu anaweza kujaza fomu, ila mwenye idhini ya kutuma ni mwakilishi rasmi wa chuo, kwa kawaida mtu wa ofisi ya utafiti. Mwone mapema na umpe tarehe.

Kwenye Grants.gov tafuta programu namba 10.216 na ufungue kifurushi cha tangazo la mwaka huu. Fomu za mwaka jana zisitumike. Kwenye fomu ya nyongeza ya NIFA utaandika jina na msimbo wa programu, kama ulivyo kwenye tangazo. Ukikosea msimbo, ombi linaweza kupelekwa kwa jopo lisilohusika.

Muhtasari wa mradi, maneno yasiyozidi 250, huwekwa kipengele cha 7 cha fomu ya taarifa nyingine za mradi (R&R Other Project Information), na maelezo kamili kipengele cha 8. Chagua wazi kama mradi ni wa ufundishaji, utafiti au ugani. Wapitiaji hutafuta jambo moja hasa: fedha zikiisha, chuo kitabaki na nini? Kununua mashine ya maabara tu hakujibu swali hilo. Onyesha nani ataiendesha, kozi ipi itaitumia, na nani atalipia matengenezo. Kama ombi lilikataliwa awali, ambatisha ukurasa mmoja unaojibu hoja za wapitiaji.

Bajeti hujazwa mwaka kwa mwaka, na mshirika huwa na bajeti yake. Gharama zisizo za moja kwa moja zina kikomo cha kisheria cha asilimia 30 ya fedha zote za ruzuku, si ya gharama za moja kwa moja. Hapo ndipo hesabu huharibika. Chukua gharama za moja kwa moja uzizidishe kwa 0.42857: dola 200,000 zinaruhusu 85,714, jumla 285,714. Anayechukua asilimia 30 ya 200,000 anaomba 60,000 na kukipunja chuo chake dola 25,714. Kiwango ambacho chuo kimekubaliana na serikali kikiwa cha chini, au tangazo likiweka kidogo zaidi, tumia hicho.

Viambatisho vyote viwe PDF zisizo na nywila. Majina ya mafaili yasizidi herufi 50 na yasirudiwe.

Mwisho wa kupokea ni saa 11 jioni, saa za Mashariki mwa Marekani. Kwa mshirika aliyeko Afrika Mashariki hiyo ni saa 6 usiku, au saa 7 wakati wa majira yao ya baridi. Tuma angalau siku tatu kabla. Namba ya ufuatiliaji haimaanishi ombi limekubaliwa. Subiri barua pepe inayosema limepita ukaguzi, ambao unaweza kuchukua siku mbili za kazi. Likirudishwa na makosa, rekebisha na utume upya kabla ya muda kwisha, ukiweka alama ya ombi lililosahihishwa pamoja na namba ya lile la kwanza.