Kubadilisha avoka wakati odiansi imekaribia

Kubadilisha avoka (wakili) hakukatazwi. Kwenye kesi ya penali (jinai), kifungu cha 19 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kutetewa na mtu aliyemchagua mwenyewe, hatua zote. Kinachowaangusha watu hapa Lubumbashi ni kuanza na mwisho: wanamfukuza wa zamani kwa simu, wanatafuta mpya baadaye, na siku ya odiansi, yaani kesi inaposikilizwa, hakuna aliyeshika dosie (faili la kesi).

Anza grefe, ofisi ya karani wa mahakama, na namba ya kesi mkononi: RC kwa sivili (madai), RP kwa penali, RCA au RPA ikiwa ni rufaa. Uliza odiansi ijayo ni lini, na kesi imefika wapi. Ikiwa imeshaingia delibere, yaani mjadala umefungwa na hukumu inangojewa, avoka mpya anaweza tu kuomba mjadala ufunguliwe tena, na hakimu halazimiki kukubali. Hapo afadhali umuandae kwa rufaa. Muda wa kukata rufaa, sivili ni siku 30, penali ni 10 tu, na kama mlikuwepo kwenye kesi hizo 10 zinaanza siku hukumu inaposomwa, si siku unapopata karatasi.

Unapomchagua mpya, omba kadi yake ya baro (chama cha maavoka). Watu wengi wanamwita defansa judisieri (mteteaji wa mahakama za chini) "avoka" vilevile, lakini huyo hatetei kesi kwenye Mahakama ya Rufaa. Muonyeshe karatasi ulizo nazo kabla hamjapatana bei. Akikuahidi ushindi bila kuzifungua, aga.

Sasa muandikie wa zamani. Barua fupi inatosha: namba ya kesi, tarehe ambayo kazi yake inakoma, jina la anayempokea, na siku ya kurudisha dosie. Usiweke lawama, zinachelewesha tu. Toa kopi ya grefe, ya avoka mpya na yako, na kwenye yako avoka wa zamani apige muhuri au asaini kwamba amepokea. Karatasi zikirudi, hesabuni moja moja kwenye orodha: asinyasio (karatasi ya kuitwa mahakamani), konklizio (hoja za maandishi) zilizokwisha kuwekwa, risiti za grefe, na hasa orijino kama sertifika ya parseli (hati ya kiwanja). Orijino ndizo hupotea, kwa sababu mwenyewe hakumbuki kama aliacha kopi au orijino. Mkigombana juu ya honorari (malipo ya avoka), pelekeni kwa batonie, mkuu wa Baro ya Haut-Katanga. Deni lisizuie karatasi kutembea.

Avoka mpya naye amjulishe mwenzake aliyetangulia, pia avoka wa upande wa pili. Bila hivyo mawakili wawili watasimama kwa jina lako, na hakimu atauliza nani ni nani.

Mpya ataomba remise (kesi iahirishwe) ili asome dosie. Msiitegemee. Kama upande wenu ulishaomba nyingine, hakimu ataona ni mbinu ya kuchelewesha, na kwa kweli mara nyingi ni hivyo. Aje na konklizio fupi tayari.

Asipopatikana mtu kabla ya odiansi, nenda mwenyewe. Kukosa kabisa kunaweza kuleta hukumu ya defo (inayotolewa bila wewe kuwepo), na opozisio, yaani kuipinga kwenye mahakama ileile, ina siku 15 kwa sivili, 10 kwa penali. Namba yako ikiitwa, simama, toa ile barua iliyosainiwa, useme unaomba muda wa kupata mteteaji.