Somo: Onyesho la video barazani, pale mtu anapolala

Ndugu zangu, leo tunajifunza kuandaa onyesho la mtaani kwa projekta, kuhusu watu wanaolala nje. Mfano wetu ni Kigoma mjini, kwenye barabara inayopanda kutoka stesheni kwenda Mwanga. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914 ikaishia hapahapa ziwani, na hata leo wapo wanaoshuka wakakosa pa kwenda. Asubuhi tunawaruka tukiwahi sokoni.

Hatua ya 1: Kaa naye kwanza
Wiki ya kwanza usiguse kamera. Nenda na chai, mwamkie kama mtu mzima yeyote; anayestahili shikamoo apewe shikamoo yake. Mweleze nia yako na umwachie nafasi ya kukataa. Akikubali, yeye ndiye atakayechagua kionekane nini: mikono, sauti, au ndala tu. Watoto msiwapige picha za uso kabisa, hata wakiridhia. Mtoto hajui picha hiyo itamfuata mpaka wapi.

Hatua ya 2: Rekodi kutoka alipolaza kichwa
Hapa ndipo penye somo lenyewe. Saa mbili asubuhi laza simu sakafuni, usawa wa jicho la aliyelala, uiache dakika kumi. Utapata viatu vya shule, tairi la baiskeli, pindo la kitenge, ndoo ya dagaa ikitua na kuinuliwa. Uso hutauona hata mmoja. Nimewahi kufanya mahojiano ya saa nzima kuhusu upweke, na hayakufikia miguu ile.

Hatua ya 3: Ukuta, mwanga, umeme
Tafuta ukuta mweupe usiong'aa. Projekta nyingi za ofisini hutaka umbali wa karibu mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya mita 2, projekta mita 3. Msitamani ukubwa, kwani ukizidisha upana mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne na picha inafifia.

Krzysztof Wodiczko, msanii mzaliwa wa Warsaw, mwaka 2014 alionyesha kwa projekta video za watu wasio na makazi kwenye ukuta wa jumba la michezo ya kuigiza mjini Montreal, Kanada, wakasimama huko wakubwa wakizungumza. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ila kwa baraza zetu nachagua picha ya chini, kimo cha magoti, ili mtazamaji naye achuchumae.

Jua la Kigoma huzama karibu saa moja jioni. Anzeni saa mbili kasorobo. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ikitumika nusu tu kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), inabeba projekta ya wati 250 kwa takribani saa mbili. Jenereta hapana, itameza sauti ya msimuliaji.

Mwenye jengo, mwenyekiti wa mtaa na polisi wapate barua mapema.

Hatua ya 4: Mwili
Mwigizaji alale juu ya maboksi, kajifunika shuka jeupe, miguu ya kwenye video impite mgongoni. Asiseme neno. Baada ya dakika nane aketi, akunje shuka, na spika itoe sauti ya yule anayelala barazani, mliyoirekodi kwa ridhaa yake.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Buzebazeba:* Mwalimu, wapita njia wakikatisha mbele ya projekta, vivuli tufanyeje?
*Jibu:* Viacheni, kaka. Kivuli cha mpita njia wa usiku kinaungana na miguu ya asubuhi. Mkitaka kuviepuka, inueni projekta juu ya meza ndefu.

*Mama wa Kasulu:* Huyo anayelala barazani, tumlipe?
*Jibu:* Ndiyo, mama, sawa na mwigizaji, mkononi, kabla ya kuanza. Na msiweke beseni la kuchangia pembeni yake.

*Binti wa Katubuka:* Kwa nini asilale mwenyewe aigize?
*Jibu:* Akitaka, ni haki yake, dada. Lakini mwigizaji atarudi kwake. Yeye kesho atakutana na watazamaji walewale. Mzee wetu, yule anayelala kwenye baraza tuliyorekodi, alikataa kuigiza, akaomba ashike rimoti. Katikati ya onyesho akasimamisha picha kwenye ndala moja ya bluu, akasema mwenye ndala hiyo anamjua, hupita kila siku saa mbili asubuhi, na kamba ya kushoto ameifunga kwa waya.