Namna ya kuchunguza maana ya epiousios katika Sala ya Bwana

Epiousios ni neno la Kigiriki linaloueleza mkate katika Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Halimo kwingine popote katika Biblia, hata katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale. Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo, inalo, ila ndani ya sala ileile, kwa hiyo usilihesabu kama ushahidi mpya. Origen, mwanateolojia ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, aliandika katika karne ya 3 kwamba halikutumiwa na wasomi wala na watu wa kawaida.

Wengi hukimbilia kulipasua: epi, "juu ya", na ousia, "kiini", wakapata mkate upitao vitu vyote. Kabla ya hapo, angalia ousia ina maana gani katika Agano Jipya lenyewe. Imo Luka 15:12-13 tu, na pale ni mali aliyoitapanya mwana mpotevu.

Anza na mstari wenyewe. Mathayo ana semeron, "leo". Luka ana to kath' hemeran, "siku kwa siku". Kama epiousios nalo ni "wa kila siku", Luka amesema jambo moja mara mbili katika sentensi fupi. Hilo linaipunguzia nguvu tafsiri iliyozoeleka.

Kisha tafuta ndugu zake. Katika Matendo 16:11, 20:15 na 21:18 kuna te epiouse, "siku iliyofuata", kutoka kitenzi epienai, "kuja, kufuata". Katika konkodansi ya Strong, faharasa inayoyapa maneno ya Biblia namba, ni namba 1966. Epiousios ni 1967. Tazama pia iota, herufi "i": ile ya epi mbele ya irabu kwa kawaida hudondoka, lakini katika epienai iota ni ya kitenzi chenyewe, ienai, kwa hiyo ipo, kama ilivyo katika neno letu. Si hoja ya kumaliza ubishi, maana ipo pia mifano ambamo iota ya epi haidondoki. Hata hivyo "mkate wa siku inayokuja" ndiyo maana yenye msingi imara zaidi. Ukipingwa kwa Mathayo 6:34, "msisumbukie ya kesho", kumbuka kwamba kwa anayesali alfajiri siku inayokuja ndiyo hiyo inayopambazuka.

Tafsiri za kale ziandike zote, usichague inayokupendeza. Peshita, Biblia ya Kisiria, ina mkate "wa mahitaji yetu". Jerome, katika Biblia ya Kilatini, aliandika supersubstantialem, "upitao kiini", katika Mathayo na quotidianum, "wa kila siku", katika Luka, kwa neno lilelile moja.

Jihadhari na kamusi zinazotaja orodha ya matumizi ya fedha iliyoandikwa kwenye mafunjo kutoka Hawara, Misri, iliyochapishwa 1889, kuthibitisha maana ya "posho". Mafunjo hayo yalipotea, yakapatikana Yale mwaka 1998, na yaliposomwa upya neno lililodhaniwa kuwa epiousios likawa elaiou, "mafuta".